Mjane Mwenye Mume

Mmenisumbua wiki nzima. Sokoni mnanishika mkono, msikitini mnaningoja penye viatu, na kinyozi wangu alininyoa upande mmoja akagoma kuendelea mpaka nimwambie moshi ule ulikuwa wa nani. Haya basi, kaeni. Na anayekuja leo kwa mara ya kwanza asogee karibu, nitamweleza njiani.

Tulimwacha Maka mlangoni pa kibanda chake, ndani ya kijiji cha seng'enge nje kidogo ya Garissa, mwaka ule wa sitini na saba ambapo serikali ilikusanya watu wa nyikani na kuwafungia pamoja ili shifta, wale waasi wa porini, wakose wa kuwalisha. Eda yake imekwisha. Amevua nguo nyeupe za ujane. Alasiri hiyo anaozwa Ogle, mdogo wake marehemu Warfa, maana kwa Wasomali mume akifa ndugu yake ndiye mwenye haki ya kwanza ya kumwoa mjane, nyumba isije ikavunjika.

Ogle alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka malishoni na dhiil, kile chombo cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi. Maka akakipokea, akafungua kifuniko, akanusa. Hapo ndipo tulipoachana.

Moshi haukuwa wake.

Usicheke, wewe uliyezoea maziwa ya chupa. Mwanamke wa kule hutia makaa ya moto ndani ya dhiil, akaitikisa, akaifunika, moshi ukaingia mpaka kwenye nyuzi. Kila mmoja ana mti wake na mkono wake, aliofundishwa na mama yake. Maka alifundishwa kwao Lafey, huko mpakani, na moshi wake ni mwepesi. Huu ulikuwa mzito, tena una ubani ndani yake.

"Nani amefukiza chombo changu?" akauliza.

Ogle alikuwa akimshusha punda mzigo. Hakugeuka.

"Chombo gani?"

"Umekuja na vingapi?"

"Ni maziwa tu, Maka. Kunywa."

"Nimekuuliza nani."

Kufukiza ni kazi ya mwanamke. Mwanamume wa kule atakamua, atachinja, atalala porini na fisi, lakini kaa la moto ndani ya dhiil hatii. Kwa hiyo Maka alikuwa na jibu kabla ya kuuliza, na jibu lenyewe lilimchoma kuliko alivyotarajia. Mtu anayekuja kumwoa leo ana mwanamke mwingine huko nyikani.

Ogle akageuka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye macho ya upole, na siku zote alimtazama Maka kidogo kisha akatazama chini. Leo hakutazama chini.

"Ndiyo," akasema. "Nina mwanamke huko."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi."

"Anaitwa nani?"

Hapo akakwama. Akaangalia punda, akaangalia kamba.

"Amran," akasema.

Maka akafunga kifuniko, akachukua dhiil yake, akaondoka bila kuaga.

Sasa niwaulize nyinyi mnaojifanya mabingwa wa mapenzi. Mwanamume akishikwa na mwanamke wa pembeni hufanyaje? Hukana. Hukana mchana, hukana jioni, hukana hata ukimwonyesha kitambaa cha huyo mwanamke mfukoni mwake. Huyu wetu kabanwa kidogo tu akakiri, na siku ya harusi yake. Mimi kwa upande wangu nilimshuku papo hapo, na kama nyinyi hamkumshuku, basi mna mioyo mizuri na mtaibiwa sana duniani.

Maka hakwenda kulia. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, Kaltun, mama wa Warfa na Ogle. Kizee huyu alikuwa mkali, mwenye meno yake yote, na kijiji kizima kilimwogopa.

"Hooyo, mama yangu, siolewi," Maka akasema.

"Umelala vibaya?"

"Mwanao ana mwanamke nje. Amefukiza chombo changu. Nusa."

Kaltun akapokea dhiil kama mtu anayepokea upuuzi. Akafungua, akainamisha pua. Kisha akakaa hivyo hivyo, pua ndani ya chombo, mpaka Maka akadhani amezimia.

"Funga mlango," Kaltun akasema.

Maka akaushusha mkeka wa mlangoni.

"Huko malishoni hakuna mwanamke," kizee akasema kwa sauti ndogo. "Serikali imetuleta sote humu. Wachungaji waliopewa ruhusa ya kutoka ni wanaume watupu. Wanawake wote tuko ndani ya seng'enge hii, na kila jioni sajenti anatuhesabu kama mbuzi. Huyo Amran alipitia wapi?"

"Sasa ni nani?"

"Ni uongo."

"Mtu gani anajisingizia mwanamke asiyekuwapo?"

"Mtu anayeficha kitu kikubwa zaidi." Kaltun akaipakata dhiil.  "Maka, huu moshi ni wangu."

Maka hakuelewa. Tangu aingie katika nyumba ile kama bibi harusi, yeye ndiye aliyefukiza vyombo. Mama mkwe alikuwa ameshastaafu kazi hiyo, na hakuna hata siku moja Maka alipousikia moshi wake.

"Mimi ndiye niliyekuwa natia ubani kwenye makaa," Kaltun akasema. "Watu walinicheka, wakasema naharibu ubani. Halafu nikaugua mgongo, mwaka mzima nimelala, na sikuwa na binti. Warfa alikuwa mvulana mkubwa. Nikamfundisha. Alifukiza humo humo ndani, mlango umefungwa, wenzake wasimwone. Ogle wakati ule alikuwa bado ananyonya. Dunia nzima, wanaoujua mkono huu ni wawili, mimi na Warfa."

Maka akakaa chini.

Warfa. Mume aliyezikwa. Mume aliyemlilia, akavaa nyeupe kwa ajili yake, akakaa eda yake yote bila kujipaka hata mafuta.

"Yuko hai," Maka akasema.

"Yuko hai," Kaltun akasema, na machozi yakamtiririka. Kizee yule mkali alilia kama mtoto, akiibusu dhiil. "Ametaka nijue. Alijua nitanusa. Amenitumia salamu mwanangu."

Wasomaji, hapo Maka alifurahi. Sitaki mseme hakufurahi. Lakini katikati ya furaha likaingia neno moja kama mchanga kwenye ugali. Salamu imetumwa kwa mama. Mke hakutumiwa chochote.

Akasimama. "Naenda kwa Sheikh Adow. Hakuna harusi."

Kaltun akamdaka mkono. Sijui nguvu zile kizee alizitoa wapi.

"Utaolewa," akasema.

"Hooyo, nina mume."

"Unaye kwa sababu serikali inaamini amekufa. Ukisema hutaki kuolewa, utakuwa umewaambia yuko hai. Watamtafuta mpaka wamwue kweli."

Kwa wale waliochelewa: Warfa aliwapa shifta ngamia, jina lake likafika kwa wakubwa, akakimbia. Baadaye kulikuwa na mapigano upande wa Bura, watu wengi wakafa, na Ogle akarudi akasema amemzika kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Askari wakaacha kumtafuta. Familia ikapumua. Na kumbe pumzi yote ile ilikuwa imesimama juu ya kaburi lisilokuwapo.

"Unaniambia nizini ili mwanao aishi," Maka akasema.

"Nakuambia nyamaza ili mumeo aishi."

Kabla Maka hajajibu, mtu akakohoa nje.

"Hodi humu ndani."

Alikuwa sajenti wa getini. Mtu wa bara, mnene kidogo, mpole wa kuongea, na upole wake ndio uliowatia watu baridi. Akaingia, akaketi, akapewa chai ya maziwa, akainywa polepole.

"Leo mna harusi," akasema.

Kaltun akaitikia kwa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha sokoni.

"Mimi nimekaa Wajir, nimekaa Takaba," sajenti akaendelea. "Desturi zenu nazijua kuliko hawa vijana wenu. Mtu akifa kweli, ndugu yake anamchukua mjane. Mjane asipochukuliwa, mimi najiuliza. Ndugu amekataa mke, au mwenye mke bado anatembea?" Akamtazama Maka juu ya kikombe. "Ndiyo maana harusi hii nimeingoja kwa hamu, mama. Nitakuja. Na kila kitu kiwe kwa Kiswahili, nisikie."

"Mtoto yangu nakufa, afande," Kaltun akasema. "Wacha yeye nalala."

Alisema huku macho bado mekundu kwa furaha. Sajenti akayaona yale macho, akadhani ni msiba. Au hakudhani hivyo, maana moyo wa mtu ni msitu. Akashukuru kwa chai, akatoka.

Maka akatoka nyuma yake. Alimkuta Ogle zizini, amekaa juu ya jiwe, hafanyi kitu.

"Huyo Amran," Maka akamwambia, "ana watoto?"

"Hana."

"Kweli hana. Wala hana miguu, wala hana kichwa. Warfa yuko wapi?"

Ogle akainuka kwenye jiwe. Mmeshaona huyu hajui kudanganya. Tatizo la mtu asiyejua kudanganya ni kwamba akishikwa kwenye uongo mmoja hutafuta mwingine haraka haraka, na hapo ndipo huokota mbaya kuliko wa kwanza.

"Alikuacha," Ogle akasema.

"Nini?"

"Warfa. Alikupa talaka. Siku aliyokimbia, alitamka mbele yangu. Akasema mwanamke kama wewe asikae kumngoja mtu ambaye ameshakufa ila anatembea. Akaniambia nikuletee habari ya kifo, kwa sababu ni nyepesi kuliko ya kuachwa."

Maka akahesabu haraka kichwani. Kama talaka ilitamkwa siku ile, basi eda ya talaka nayo imekwisha humo humo ndani ya ile nyingine. Basi harusi ni halali. Dini imetosheka, sajenti ametosheka, Kaltun ametosheka. Kila kitu kimekaa mahali pake, na hilo ndilo lililomtia shaka.

"Nani mwingine alisikia?"

"Mungu."

"Na binadamu?"

"Alio, mchungaji mwenzetu, alikuwapo."

"Alio aliuawa Bura."

"Ndiyo."

"Shahidi wako maiti, Ogle."

Maka akamkaribia.

"Nitakuuliza neno moja, na usinitajie kaka yako. Unanitaka?"

Ogle akavuta pumzi. Sauti ilipotoka ilikuwa ya mtu mwingine, isiyokwama.

"Tulipokuja Lafey kukuchukua, mimi ndiye niliyeshika kamba ya ngamia aliyekubeba. Kaka alikuwa mbele na wakubwa. Ulikuwa unalia kwa sababu ya kumwacha mama yako, na hakuna aliyekusikia ila mimi. Niliomba njia ile isiishe. Imekwisha, nimekaa na wewe nyumba moja kama shemeji, na sijawahi kukukosea hata kwa jicho. Umeniuliza, nimekujibu."

Maka aliondoka pale moyo unamdunda, na hasira juu.

Hebu tusimame kidogo, maana huyu dada anahitaji kufikiri na hakuna anayempa nafasi. Watu husema mapenzi, mapenzi, kana kwamba ni kitu kimoja. Kaltun anapenda. Anampenda mwanawe mpaka yuko tayari kumtupa mkwe motoni ili mwanawe apate kivuli. Warfa naye labda anapenda, ila mapenzi yake yamemkumbuka mama, yakampita mke mlangoni bila salamu. Ama alitaka kumwepusha, ama alishamsahau, na Maka hakuwa na njia ya kujua ni lipi. Kisha Ogle. Huyu kapenda kwa subira, na sisi sote tumefundishwa kwamba subira ni njema. Lakini subira ikikaa muda mrefu sana huanza kupanga mipango.

Watatu wote walimpenda au walidai kumpenda mtu fulani, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kumdanganya yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Maka alikuwa na nguo tatu na hakujua avue ipi.

Je, Warfa alitamka talaka ile? Kama alitamka, Maka ni mwanamke huru, na anayemwoa leo ni mtu mwema aliyebeba siri nzito. Kama hakutamka, Maka bado ni mke wa mtu, na Ogle ni mwizi anayeiba mke wa kaka yake huku kaka akinywa maziwa anayompelekea.

Alasiri ikafika.

Mikeka ilitandikwa mbele ya nyumba ya Kaltun. Wanaume upande huu, wanawake upande ule. Sheikh Adow, aliyesoma Lamu na Kiswahili chake kimenyooka, alikaa katikati. Baba yake Maka alikuwa mbali Lafey, na alishampa sheikh uwakili wa kumwoza binti yake. Sajenti aliletewa kiti. Askari wawili walisimama karibu na magari yao, wakionekana hawana habari.

Ogle alivaa shuka jipya. Alikuwa amepauka.

Sheikh akasoma alichosoma. Kisha akamgeukia Maka.

"Binti yangu," akasema, "bikira akiulizwa akanyamaza, kunyamaza kwake ni ridhaa. Wewe umeshaolewa kabla. Kwako kunyamaza hakutoshi. Lazima utamke. Unamkubali Ogle awe mume wako?"

Watu wote wakamtazama. Kaltun alikuwa ameshika ushungi wake kwa meno.

"Nitatamka," Maka akasema, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wakwe zake. "Lakini kwanza Ogle aweke mkono juu ya Msahafu. Aape kwamba Warfa hana haki yoyote juu yangu."

Mmeona akili ya mwanamke huyu? Mimi nilipoandika hapo nilisimama nikazunguka meza. Warfa akiwa amekufa, kiapo ni kweli. Warfa akiwa hai na ametoa talaka, kiapo ni kweli vilevile. Sajenti atasikia neno la mjane anayejitakasa tu, hatashuku kitu. Lakini kama talaka ni uongo, basi Ogle anaapa uongo juu ya kitabu cha Mungu. Maka alikuwa amepata shahidi ambaye hakufia Bura.

"Si lazima katika nikahi," Sheikh Adow akasema.

"Kwangu ni lazima."

"Neno zuri hilo," sajenti akasema kutoka kitini. "Aape. Nani anaogopa?"

Msahafu ukaletwa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Ukawekwa juu ya mto mbele ya Ogle. Alikuwa amekwisha kutawadha, mikono misafi. Akaunyoosha mkono wa kulia.

Mkono ukafika juu ya kitambaa, ukasimama.

Kaltun alianza kusoma Yasin chini chini. Ogle alitazama mkono wake mwenyewe kama anauona leo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na mwanamke aliyemwota miaka yote angekuwa wake kabla ya magharibi. Hakuna mwanadamu ambaye angejua.

Akarudisha mkono mapajani.

Basi. Hakukuwa na talaka. Maka akajua, na ajabu ni kwamba hakumchukia. Alikuwa mbele ya mtu aliyedanganya kwa ajili yake asubuhi, akadanganya tena adhuhuri, na sasa ameshindwa kudanganya pale ambapo uongo ungempa kila kitu. Maka alitamani kumwambia hivyo, na hakukuwa na nafasi.

"Kwa nini haapi?" sajenti akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Ila alikuwa amekaa wima sasa, na kule kwenye magari askari mmoja alitupa sigara yake.

Maka aliona yote kwa mara moja. Ogle pingu mikononi. Askari wakiingia nyikani na mbwa. Warfa akitolewa kichakani. Akaona pia upande wa pili: yeye mwenyewe siku ya hukumu, amesimama na waume wawili, hana la kujitetea.

Akasema.

"Ameona haya mbele ya watu, Sheikh. Tumwache. Mimi nimekubali. Namkubali Ogle awe mume wangu."

Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka seng'enge. Kaltun akashusha pumzi. Sajenti akaegemea kiti, si kwa kuridhika, bali kama mtu anayesubiri karata ya mwisho. Sheikh Adow, ambaye sijui alikuwa ameelewa kiasi gani, akamgeukia bwana harusi.

"Ogle, nimekuoza Maka kwa uwakili wa baba yake. Sema nimekubali."

Ogle alinyanyua macho. Alimtazama Maka vizuri, bila kukimbia, kwa mara ya pili tu siku hiyo. Alikuwa amesikia alichokisema na alijua bei yake. Alijua Maka anajitia dhambini macho wazi, kwa ajili ya Warfa na kwa ajili yake yeye Ogle.

Akamgeukia sajenti, akasema kwa Kiswahili chake cha getini.

"Afande, mimi hapana oa huyu."



"Sema tena," sajenti akasema.

"Mimi hapana taka yeye. Mimi nakataa."

Kaltun akasimama. Alimwendea mwanawe mdogo mpaka wakawa uso kwa uso, na akamwambia kwa Kisomali, taratibu, "Umemuua ndugu yako." Kisha akakaa pale pale mchangani, akajifunika ushungi kichwa kizima.

  Ogle alikuwa ameweka roho ya kaka yake upande mmoja wa mizani na roho ya Maka upande wa pili, akachagua. Sisemi alichagua vizuri. Nasema alikuwa na mwanamke huyo mkononi, halali mbele ya kijiji kizima, akamwachilia ili asichafuke. Wapo watakaoita huo usaliti, na mimi siwezi kuwabishia kwa moyo mmoja.

Na Maka? Yeye mke wa Warfa kwa sheria, aliyekataliwa hadharani, mbele ya shoga zake na askari? Alisimama pale uso unamwaka, na akajua bila shaka yoyote kwamba anampenda mtu aliyemkataa. Siku ile nzima alikuwa anashuku kila mtu. Jambo moja ambalo hakulishuku hata kidogo ndilo hilo lililokuwa limemkaa kifuani tangu asubuhi, alipochomwa na jina la mwanamke asiyekuwapo.

Sajenti alikuwa amesimama. Akavaa kofia yake.

"Ndugu amekataa mjane," akasema, kama anayejisemea. "Mwenyewe umesikia, Sheikh. Sasa, kijana. Ulisema ulimzika kaka yako Bura kwa mikono yako."

"Ndiyo, afande."

"Twende ukanionyeshe."

"Twende."

"Lakini mimi si mtoto," sajenti akasema. "Nyika yote ile imejaa vilima vya mawe, na kila kilima ni kaburi la mtu. Utanionyesha chochote, na mimi nitachimba mifupa ya nani? Nataka mtu wa pili anayelijua kaburi. Ataingia gari lingine. Hamtaongea njiani. Kila mmoja ataniongoza peke yake. Mkifika kwenye jiwe moja, nitarudi hapa nimwombe mama huyu radhi. Mkifika kwenye mawili, mmenijibu." Akazungusha macho juu ya mikeka. "Nani mwingine anajua Warfa alipolala?"

Wanaume waliangalia chini. Sheikh Adow alifunga Msahafu ndani ya kitambaa chake. Kaltun hakujifunua.

"Mimi," Maka akasema.

Ogle akageuka kwa nguvu mpaka askari akamshika bega.

"Wewe?" sajenti akauliza.

"Mimi nalijua. Ni mume wangu."

Sajenti alimtazama kwa muda. Kisha akatikisa kichwa kuelekea gari la nyuma, na Maka akatembea, akampita Ogle karibu kiasi cha kusikia pumzi yake. Hawakuweza kuambiana hata neno. Mlango wa gari la mbele ukafungwa Ogle ndani, wa nyuma ukafungwa Maka ndani, geti la seng'enge likafunguliwa.

Maka hakuwahi kufika Bura maishani mwake, na huko Bura Warfa hakuzikwa. Katika nyika yote ile, wawili hao sasa walipaswa kuchagua jiwe moja.